Nywele Ndani ya Foronya

Vaipae, Aitutaki
6 Mei 1984

Mwanangu Ngametua,

Huku hatujambo sote, hata nguruwe wa mwanao Teokotai hajambo, tena kanenepa mpaka anatembea kama mchungaji aliyetoka kualikwa chakula. Mjomba wako kila akimpita bandani humuuliza, "Wewe, Desemba unaijua?" Naye hukoroma tu, maskini, hajui la mbele.

Tivaevae ya mwanao, hilo shuka lake la kitanda tunaloshona kwa mkono, imefika pazuri. Ni ile ya vipande vidogo, siyo ya kukata. Mama yako mdogo Upokoina ametutungia vipande kwenye nyuzi, kila mwanamke na uzi wake, rangi kwa mpangilio wake, na ole wake atakayevuruga. Juzi Tangimama alishona njano mahali pa nyekundu, ikabidi tufumue safu nzima. Upokoina akamuuliza, "Macho umemwachia mumeo leo?" Tulicheka mpaka mvua ikatunyeshea mkeka bila kujua.

Safari hii sitaki kusikia habari ya kuahirisha shughuli ya kumkata mvulana wetu nywele zake za kwanza. Mwaka juzi ndege zilijaa, mwaka jana mumeo Tauei hakupewa likizo pale kwenye kiwanda cha nyama. Mtoto sasa ana miaka saba, nywele ziko kiunoni. Mkimchelewesha zaidi wataanza kuja kumposa. Mjomba wako wa Amuri keshachagua shungi lake, la nyuma ya sikio la kulia, na anasema atakayemtangulia kulikata watakutana barazani kwa mchungaji. Basi zitunze. Usiziguse hata ncha mpaka mtoto akae kwenye kiti, na tivaevae hii iwe chini yake.

Mimi ni mzima. Siku hizi nashonea kwenye kiti, mkeka umekuwa mbali kidogo.

Mama yako,
Akaiti


Otara, Auckland
27 Mei 1984

Mama mpendwa,

Barua yako imefika, nimeisoma jikoni nikicheka peke yangu. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, Tauei anakwenda kazini amevaa soksi mbili mbili.

Nywele za Teokotai zipo, mama. Nimezihifadhi vizuri sana, usiwe na wasiwasi.

Nilitaka kuuliza tu, wala usinikasirikie. Je, ni lazima iwe Desemba? Nilikuwa nawaza Agosti mwakani, kuna upepo mzuri, na nguruwe atazidi kunenepa. Tauei naye anaona hivyo hivyo. Ni wazo tu.

Mbona unashonea kwenye kiti?

Mwanao,
Ngametua


Otara, Auckland
27 Mei 1984

Mama mdogo Upokoina,

Hii nimeitia bahasha yake mwenyewe. Tafadhali usiisomee kwenye mkeka wa kushonea, nenda kaisomee chooni ikibidi.

Mtoto hana nywele.

Alizikata mwenyewe mwezi wa nne. Shuleni walikuwa wanamwita "binti Teokotai", wanamvuta msuko, wanamwambia akajipange foleni ya wasichana. Hakuniambia neno. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta amekaa ndani ya bafu, nywele zimemzunguka pande zote, ameshika mkasi. Mkasi ule, mama mdogo! Ule alionipa mama siku ya harusi yangu, wa kukatia kitambaa cha tivaevae na si kitu kingine. Mtoto akaniangalia akasema, "Sasa mimi ni mvulana, au bado?" Nilitaka kumchapa, mkono ukakataa. Nikakaa ukingoni mwa bafu nikalia naye.

Nywele nimeziokota zote nikaziweka ndani ya foronya, ile aliyoitarizi mama maua ya manjano. Kwa hiyo sikumdanganya mama niliposema zipo. Lakini najua ni uongo.

Nitamwambiaje? Watu wa Vaipae na Amuri wamefuga nguruwe, wamelima matuta ya magimbi, wamemshonea. Mtoto wa kwanza wa kiume, na shughuli yake imekwisha bafuni bila hata wimbo mmoja. Tauei anasema tungoje ziote. Nisaidie, ila usimwambie.

Mwanao,
Ngametua


Vaipae
17 Juni 1984

Ngametua,

Nilisomea chooni kama ulivyoagiza. Nikacheka, kisha nikaona si la kucheka. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na nywele ndiyo kabisa.

Kusubiri ziote ningekuunga mkono ingekuwa mwaka mwingine. Lakini sasa nami nikuambie jambo, na wewe ukalisomee popote utakapo. Mama yako si mzima. Daktari wa hospitali yetu hapa amempima mara mbili. Moyo umechoka, miguu inajaa maji, ngazi za kanisa anapanda huku akijifanya anasalimiana na watu, kumbe anapumzika. Hicho kiti chake nilikibeba mimi kutoka nyumbani kwangu. Ameniapisha nisikuandikie. Anasema hataki uje kwa ajili ya ugonjwa, anataka uje kwa ajili ya mtoto.

Hapa mkekani kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Mwezi jana alinivuta kando akaniambia, "Upokoina, nikiondoka kabla hawajaja, nifunikeni hii. Isije ikalala sandukuni bure." Unaelewa? Tivaevae hiyo hiyo. Tunashona hatujui tunamshonea mtoto kiti au tunamshonea mama yako kaburi. Sindano inanichoma kila siku, mimi ambaye sijachomwa na sindano tangu nivunje ungo.

Kwa hiyo nina siri yako kwenye mfuko huu na ya kwake kwenye mfuko huu, nami si mtu wa siri, unanijua. Mficha uchi hazai. Mwambieni wenyewe, nyote wawili, kabla sijapasuka.

Mama yako mdogo,
Upokoina


Otara
15 Julai 1984

Mama mdogo,

Tangu nisome barua yako silali vizuri. Kila simu ya jirani ikilia naona ni ya kwetu.

Nampaka mtoto mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Nampima kwa futi ya kushonea. Zimefika kwenye ncha ya sikio na zimekataa kwenda mbele, kama zinajua. Jana aliniuliza, "Mama, mbona unanipima kama gauni?"

Tauei ameomba likizo ya Desemba, amepewa. Sasa kilichobaki ni mimi. Nikimwambia mama, moyo wake. Nisipomwambia, nikashuka ndege na mtoto ana kichwa cha mwanajeshi mbele ya ukoo mzima, moyo wake. Na nisipokuja ndiyo hivyo ulivyosema. Mara tatu nimeanza kumwandikia nikachana. Naogopa barua itafika asubuhi halafu mchana mniletee habari ambayo siwezi hata kuiandika.

Anakula? Usinifiche.

Ngametua


Vaipae
12 Agosti 1984

Ngametua,

Umeniandikia habari ya Agosti, Agosti yenyewe ndiyo hii na mwakani ni mbali. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu ndani yake. Sababu iliyomo ni unene wa nguruwe.

Nitasema mimi basi, kwa kuwa wewe huwezi. Mumeo hataki. Au huko kwenu watu wanaona kumkata mtoto nywele kwa nyimbo na chakula ni mambo ya kizamani, na wewe umekubaliana nao, unatuonea haya. Ningependa uniambie wazi kuliko kunizungusha. Nimekuzaa, nimekufunga nepi, haya yako naijua ilivyo.

Hapa nimeshamwambia kila mtu. Wanaume wa Amuri wanafanya mazoezi ya ngoma. Wakiniuliza tarehe nawaambia "tutaona", halafu naingia ndani kama mtu aliyeitwa.

Tivaevae imebaki pindo. Usipoihitaji, mimi najua pa kuipeleka.

Akaiti


Otara
2 Septemba 1984

Mama yangu,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kaa kwenye hicho kiti. Kama Mama mdogo yuko karibu, mwite akae nawe.

Sikuonei haya. Wala Tauei hajakataa, yeye ndiye wa kwanza kuomba likizo. Mama, Teokotai alijikata nywele. Wenzake walimwita msichana, akachukua mkasi wako wa tivaevae akazikata zote mwezi wa nne, mimi sipo. Ni kosa langu, mkasi niliuacha kwenye droo ya chini. Nywele ninazo, kwenye foronya ya maua ya manjano, hata moja haijapotea. Nikakuandikia kwamba zipo nikijua utaelewa vingine. Nilitaka kungoja ziote, lakini haziendi, na wakati hautungoji.

Najua pia habari ya moyo wako. Usimgombeze Upokoina, nimemlazimisha.

Nilikuwa nakuogopea. Sasa naogopa zaidi kwa kuwa nimeisema. Nijibu upesi, hata kama ni matusi.

Mwanao,
Ngametua


Otara
30 Septemba 1984

Mama mdogo,

Barua ya mama imefika? Nilimwandikia yote. Sijapata jibu. Kama amekasirika niambie, kama anaumwa niambie, ila kimya hiki siwezi. Jana mtu wa posta alipita mlangoni bila kusimama, nikamkimbilia hadi kona na aproni kiunoni. Akaniambia, "Leo huna kitu, mama." Nikamwambia aangalie tena.

Ngametua


Vaipae
30 Septemba 1984

Mwanangu Ngametua,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, kama utakavyoona.

Kwanza nilikasirika. Siku moja nzima sikula, Upokoina akadhani ndiyo nakwenda, akaanza kufagia nyumba kwa ajili ya wageni. Nikamwambia weka ufagio chini, mwanamke, nimekasirika tu. Nilijua kuna jambo tangu Juni. Dada yangu huyu hajapata kunyamaza tangu azaliwe, na ghafla anashona kimya kama mtawa! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilidhani ni habari yangu anaificha, kumbe alikuwa na mizigo miwili.

Nywele hazikuniuma sana, nikwambie kweli. Mkasi umeniuma. Nywele huota, lakini mkasi uliokata nywele haukati tena kitambaa vizuri. Upeleke ukanolewe.

Na kilichoniuma kupita mkasi ni mtoto. Alikuwa anateseka na sisi tunamhesabia urefu. Mwambie bibi yake amesema yeye ni mvulana, alikuwa hivyo hata na msuko.

Sasa sikiliza. Nimewaweka wanawake wote mkekani nikawaeleza. Tangimama akaanza kulia, nikamwambia acha. Sisi ni watu wa kutunga vipande mpaka macho yanachoka, tena tunavipanga rangi na rangi, leo tushindwe na nywele za mtoto mmoja? Ilete foronya. Usiitikise njiani, zije zilivyolala. Tutazigawa mashungi, kila shungi na utepe wake, tuzitunge ndani ya ukingo wa kofia ya ukili. Mtoto atakaa kwenye kiti, chini yake tivaevae, kichwani kofia, na kila mtu atakuja kukata shungi lake na kuacha zawadi kama ilivyo. Kofia nimeshaianza, ndiyo iliyonichelewesha.

Mjomba wako wa Amuri anasema tangu azaliwe hajaona mtu akinyolewa kofia. Nikamjibu hajaona mengi. Amekubali, ila shungi lake liwe la nyuma ya sikio la kulia. Kwa hiyo jaribu kulitambua.

Habari ya moyo wangu tutaongea ukija. Njoo Desemba.

Mama yako,
Akaiti


Vaipae
20 Januari 1985

Mwanangu,

Nyumba imekuwa kubwa tangu muondoke. Vaipae nzima haina neno jingine isipokuwa kunyoa kofia. Jumapili watoto wawili walikutwa nyuma ya kanisa wanamnyoa mwenzao kofia ya mama yake, wakachapwa, na mimi nikaangaliwa kana kwamba ndiye niliyewatuma.

Najua uliniona miguu. Nilikuona ukiniona. Nilikaa kwenye kiti changu pembeni ya kiti cha mtoto muda wote, mkono wangu begani kwake, na kila mkasi ulipolia aliniuliza, "Bibi, bado mangapi?" Nikamwambia usihesabu, furahia. Lakini alipokuja mjomba akakata la nyuma ya sikio akalia machozi mbele za watu, mtoto akaniambia kwa sauti kubwa, "Bibi, mwambie zile ni za kofia, mimi siumii." Nimecheka peke yangu mpaka leo.

Tivaevae ni yake. Msiifungie sandukuni, mtandikieni alale nayo.

Akaiti


Otara
17 Februari 1985

Mama,

Teokotai analala nayo. Usiku anapapasa vipande kwa kidole anauliza hiki alishona nani, hiki nani. Nikimwambia hiki ni bibi, hukaa hapo hapo mpaka usingizi umchukue.

Kuna jambo sikukuuliza nilipokuwa huko. Siku ya kufunga mizigo ulinituma kwenye kasha lako nikachukue foronya mpya. Nikafungua. Mbali na foronya, kasha ni tupu, mama. Kila nyumba niliyoingia Aitutaki nilikuta tivaevae yako kitandani, ya harusi ya huyu, ya ubatizo wa yule, na wewe huna hata moja. Uliponikuta nalia nilikwambia ni vumbi. Haikuwa vumbi. Ile ya mtoto ndiyo iliyokuwa yako pia, na nimeondoka nayo kwenye ndege.

Nikakuandikia barua kukuambia nairudisha, nikaichana, kwa sababu najua utasema nini.

Basi nimenunua kitambaa. Chekundu cha kukatia ua, na cheupe cha kulishona juu yake, pamba nzito. Mkasi umenolewa. Nimekikunja mikunjo minane kama ulivyonifundisha, nimekiweka mezani, na kila jioni nasimama mbele yake na mkasi mkononi. Siwezi. Naona kama nikikata nitakuwa nimekubali.

Unataka ua gani?

Ngametua


Vaipae
10 Machi 1985

Ngametua,

Nani alikuambia ukate?

Umeniliza, na mimi si mtu wa kulia asubuhi. Asante, mwanangu. Ningekataa ungekuwa mtu mwingine, lakini kutoka kwako nataka. Ya mtoto usirudishe, aliyeketishwa juu ya kitu chake ndiye mwenyewe.

Sitaki maua. Nataka majani ya shelisheli, makubwa, yatoke katikati yaende pembeni. Na iwe ya kukata hivyo hivyo, usinishonee vipande vidogo, mishono yako naijua, utazeeka kabla yangu.

Lakini usikate bado. Kiache kimekunjwa. Kiweke juu ya kabati, na mkasi uufiche, sababu unaijua. Siku itakapofika nitakwambia kata. Siku hiyo ukate bila kuuliza neno, wala usililie kitambaa, kitapata madoa. Mpaka hapo, kila ukiinua macho ukakiona juu ya kabati kimekunjwa, jua mama yako yupo.

Akaiti


Otara
14 Julai 1985

Mama,

Kitambaa bado kiko juu ya kabati. Nakiangalia nikiamka, nakiangalia nikizima taa. Teokotai ameniuliza ni cha nani, nikamwambia ni cha bibi, akasema, "Mbona hushoni?" Nikasema bibi hana haraka.

Barua zako zimekuwa fupi. Ya mwisho mwandiko ni wa Mama mdogo. Niandikie wewe mwenyewe, hata neno moja.

Ngametua


Vaipae
28 Julai 1985

Bado.

Mama yako


SIMU YA MAANDISHI
POSTA YA AITUTAKI, 9 SEPTEMBA 1985

NGAMETUA MAMA ANASEMA KATA. NJOO NACHO. TUTASHONA NAYE. UPOKOINA